Je, wajua kwa nini dawa ya baridi yabisi humezwa siku moja tu kwa wiki?

Tumezoea "kutwa mara tatu". Bahasha ya dawa ikiandikwa vinginevyo, mgonjwa hudhani mfamasia kateleza kalamu. Ndiyo maana anayeanzishiwa methotreksati, ndiyo dawa yenyewe, hushangaa mara mbili. Kwanza, vidonge sita vya miligramu 2.5 vyote vimezwe siku moja, kisha asiviguse mpaka wiki ijayo. Pili, siku nyingine ameze vitamini iitwayo foliki asidi, wakati kila kitabu cha dawa kinasema methotreksati ni mpinzani wa foliki. Dawa na mpinzani wake kwenye mfuko mmoja?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni hili: methotreksati ni dawa ya saratani inayoua seli zinazogawanyika kwa kasi, kwa baridi yabisi kipimo hupunguzwa ili iue seli chache tu za kinga, foliki ni breki ya kuizuia isipitilize. Maelezo haya yananyooka, yamefundishwa darasani, na hata mwandishi wa makala haya aliyashika kwa miaka mingi. Sehemu kubwa yake haisimami.

Asili ya dawa ni kweli ya saratani. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alieleza jinsi aminopterini, ndugu wa methotreksati, ilivyowapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Mwaka 1951 aminopterini hiyohiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa viungo, ikawasaidia, kisha ikasahaulika kwa sababu kotizoni, dawa mpya ya kutuliza uvimbe, ilikuwa imeteka macho ya kila mtu. Methotreksati iliidhinishwa rasmi Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1988.

Lakini tazama vipimo. Kwenye baadhi ya saratani hutolewa gramu nzimanzima kwa dripu. Kwenye baridi yabisi ni miligramu 7.5 hadi 25 kwa wiki. Wagonjwa wengi wanaopata nafuu kwa kipimo hicho, chembe zao nyeupe za damu hazishuki kwa kiasi cha kuonyesha mauaji yoyote. Dawa ikisimamishwa, uvimbe hurudi ndani ya wiki chache kwa wengi, jambo la ajabu kama kweli seli korofi zilikuwa zimeuawa. Na hoja nzito kuliko zote ni foliki yenyewe. Kama dawa ingefanya kazi kwa kuzinyima seli foliki, kumpa mgonjwa foliki kungeifuta. Majaribio yaliyolinganisha wanaopewa na wasiopewa yanaonyesha kichefuchefu kinapungua, vipimo vya ini vinatulia na wanaoacha dawa ni wachache, huku nafuu ya viungo ikibaki karibu palepale. Kwa hiyo foliki huzima madhara, si tiba. Basi hivi ni vitu viwili vinavyopita njia mbili.

Njia ya tiba, kwa maelezo yenye ushahidi mzuri zaidi hadi sasa, ni hii. Ndani ya seli kuna kazi ya kutengeneza purini, malighafi ya vinasaba na ya nishati, yenye hatua kumi. Ifikirie kama duka la mafundi wanaoshona kanzu kwa zamu: mmoja anakata, mwingine anaunga mikono, mpaka wa mwisho anayetia tarizi. Methotreksati humchelewesha fundi wa hatua mbili za mwisho. Kanzu zisizotiwa tarizi zinaanza kurundikana ukumbini.

Hapo ndipo mambo yanapopinda. Hasara kubwa si uhaba wa kanzu. Rundo lile limeziba njia ya wafagiaji, yaani vimeng'enya vinavyozoa taka iitwayo adenosini. Taka isipozolewa inafurika hadi barazani. Na huko nje adenosini haichukuliwi kama taka. Kwa lugha ya mwili ni ujumbe kwamba hapa pamechoka, pamejeruhiwa, punguzeni vurugu. Seli za kinga zina vipokezi vyake, na zikiupata ujumbe huo hupunguza kemikali zinazochochea uvimbe kwenye utando wa kiungo. Baridi yabisi, licha ya jina lake, hailetwi na baridi: ni kinga ya mwili inayoshambulia utando huo. Seli zimetulizwa, hazikuuawa.

Tahadhari mbili. Adenosini huishi kwenye damu kwa sekunde chache tu, hivyo kuipima kwa binadamu ni kazi ngumu na matokeo hayakubaliani. Na huenda dawa hii ina njia nyingine pembeni. Ushahidi wa wanyama ni imara kuliko wa watu.

Sasa, kwa nini siku moja? Kwenye damu dawa haimalizi hata siku mbili, figo huitoa. Iliyoingia ndani ya seli huunganishiwa mikia, mmoja baada ya mwingine, na yenye mikia mingi haitoki kirahisi mlangoni. Hubaki humo kwa wiki nyingi. Kila dozi ya wiki huongeza kidogo kwenye akiba, ndiyo sababu nafuu husubiriwa wiki 6 hadi 12, na mgonjwa aliyekata tamaa wiki ya tatu ameacha mapema mno.

Siku sita zinazobaki ni za utando wa mdomo, utumbo na uboho, ambako seli hugawanyika bila kupumzika na zinahitaji foliki kujirekebisha. Ukimeza kila siku, hazipati nafasi hiyo. Miligramu 15 za wiki zikimezwa kila siku zinakuwa 105 kwa wiki. Vidonda vya mdomoni hutangulia, kisha homa, fizi kutoka damu, na wapo waliokufa kwa kosa hili. Dalili hizo zikitokea, dawa isimamishwe na mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huko hutumika folini asidi, ambayo si sawa na foliki asidi ya kawaida: yenyewe haihitaji kupitia kimeng'enya cha kuamsha foliki, ambacho methotreksati hukiziba.

Kosa huzaliwa kirahisi. Vidonge vyote viwili mara nyingi ni vidogo na vya njano, na watu wengi wamezoea foliki ya kila siku kutoka kliniki ya wajawazito. Basi bahasha iandikwe jina la siku: "vidonge 6 kila Jumatatu", foliki Ijumaa. Kusahau kunasamehewa kwa siku mbili. Zikipita, dozi ya wiki hiyo iachwe, isifidiwe. Mimba ni marufuku. Figo, ini na chembe za damu vipimwe kila baada ya wiki 2 hadi 4 mwanzoni. Na Septrin, ambayo kwetu huuzwa kama pipi, isichanganywe kabisa na dawa hii: nayo huzuia njia ya foliki, tena huchelewesha figo kuitoa methotreksati.

Kuna jambo la kahawa pia. Kafeini hutuamsha kwa kukalia vipokezi vya adenosini, vilevile ambavyo tiba hii inavitegemea. Panya waliopewa kafeini pamoja na methotreksati walipoteza faida ya dawa. Kwa watu, uchunguzi mmoja mdogo uliona wanywaji wakubwa hupata nafuu ndogo, mwingine haukuona tofauti. Kikombe kimoja cha kahawa chungu barazani hakina kesi ya kujibu. Anayekunywa kutwa nzima na viungo havimsikii dawa anaweza kupunguza kwa miezi miwili mitatu na kuangalia.