Je, wajua? Alama nne zinaweza kukushusha nafasi kumi na sita

Chukua mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, katika shule ya bweni mjini Tanga. Mtihani wa nusu muhula wa Biolojia amepata 67, akawa wa 15 kati ya wanafunzi 60. Mtihani wa muhula amepata 63, akawa wa 31. Anapiga simu nyumbani, na baada ya salamu mazungumzo yanakwenda hivi:

"Umekuwa wa ngapi, mwanangu?"

"Wa thelathini na moja, mama."

"Thelathini na moja! Si ulikuwa wa kumi na tano? Huko bweni mnafanya nini?"

Mama hakuuliza alama, na wengi wetu tusingeuliza. Dhana iliyozoeleka ni kwamba nafasi hufuata alama kwa mwendo mmoja: ukipungua kidogo unashuka kidogo, na ukionekana umeshuka sana, basi umepungua sana. Ndiyo maana ripoti inasomwa kuanzia chini, penye "nafasi ya", na mtoto anapewa pole au kipigo cha maneno kabla mtu hajaangalia kilichoandikwa juu yake. Dhana hiyo si sahihi, na kosa lake halihitaji utafiti mkubwa kulifichua. Inatosha kuteremka ufukweni.

Aliyekulia Sahare au Mwambani, pwani ya Tanga, anajua jinsi bahari inavyocheza na macho wakati wa bamvu. Penye ufuko uliolala, maji yakipwa nusu mita tu, ukingo wake unakimbia mbali. Watu wanatembea kuokota chaza mahali ambapo asubuhi palikuwa na ngalawa inaelea. Nenda saa hiyohiyo bandarini, kwenye ukuta wa gati. Maji yamepwa nusu mita ileile, lakini yameteremka ukutani tu, na wewe uliyesimama juu hujalazimika kusogea hata hatua. Bahari ni moja na kiasi kilichopungua ni kimoja. Kinachotofautiana ni mlalo wa ardhi. Sasa chukulia kwamba alama ndizo kina cha maji, na nafasi ndiyo umbali ambao ukingo umesogea. Katikati ya darasa ni ufuko uliolala. Juu kabisa ni ukuta wa gati.

Tulijaze darasa letu la mfano tuone. Wa kwanza ana 86, wa pili 81, wa tatu 77, na waliozidi 68 kwa jumla ni kumi. Kisha kuanzia 68 kushuka hadi 62 wamebanana wanafunzi 28, wanne kwenye kila alama. Waliobaki 22 wametawanyika chini hadi thelathini na kitu. Mwenye 67 ana watu 14 juu yake, kwa hiyo ni wa 15. Mwenye 63 ana watu 30 juu yake, kwa hiyo ni wa 31. Katika eneo lile kila alama moja inakula nafasi nne. Wa kwanza naye akipoteza alama nne hizohizo, kutoka 86 hadi 82, bado ni wa kwanza, na nyumbani anachinjiwa kuku.

Kuna jambo jingine katika darasa hilo linalonifurahisha kuliko yote. Kwa viwango vya kidato cha sita vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, C ni kuanzia 60 hadi 69. Kwa hiyo wale 28 wote, kuanzia wa 11 hadi wa 35, wangekuwa na C ileile kwenye mtihani wa taifa. Mwanafunzi wetu aliyegombezwa kwa simu hajabadilisha gredi hata kidogo.

Na alama moja ni kitu kidogo kiasi gani? Majina ya kisayansi yakiandikwa kwa mkono hupigiwa mstari, jenasi kivyake na spishi kivyake. Mwanafunzi anayeyaona mashamba ya mkonge kila akipita Muheza anaandika Agave sisalana vizuri kabisa: A kubwa mwanzoni mwa jenasi, s ndogo mwanzoni mwa spishi, hakuna herufi iliyoruka. Kisha anasahau mistari. Mwalimu mkali anakata alama, na ni haki yake kukata. Ila ubaoni matokeo yatakapobandikwa, mistari miwili ya kalamu itakuwa imegeuka nafasi nne, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa mistari.

Kwa nini wengi wabanane katikati? Kichekesho ni kwamba jibu limo katika silabasi yao wenyewe. Kwenye jenetiki wanasoma kwamba kuna sifa za makundi, kama makundi ya damu A, B, AB na O, ambapo mtu yuko huku au kule na hakuna wa nusu. Kuna pia sifa zinazopanda taratibu, kama kimo. Zoezi lake la kawaida ni kupima urefu wa darasa zima na kuchora grafu ya nguzo: wafupi sana wachache, warefu sana wachache, katikati nguzo ndefu. Inakuwa hivyo kwa sababu kimo hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na lishe ikaongeza au ikapunguza. Vitu vidogo vingi vinapojumlishwa, mara chache vyote huelemea upande mmoja. Alama ya mtihani nayo ni jumla ya vitu vidogo vingi: maswali, usingizi wa jana, mada aliyopiga msuli na mada aliyoiruka. Wanaichora grafu, wanapewa vema, halafu wanatoka kwenda kulia mbele ya ubao wa matangazo kwa sababu ya grafu hiyohiyo.

Si kila mtihani unatoa umbo hilo, lakini. Mtihani ukiwa mwepesi mno, msongamano unahamia juu, na hapo hata namba moja anaweza kuporomoka kwa swali moja. Mtihani ukiwa mgumu mno, wanabanana chini. Mwenye kutaka kujua ufuko uko wapi lazima aone alama za darasa zima, si zake peke yake.

Kidato cha tano kinaongeza lake. Wanafunzi wanapangwa kutoka mikoa yote kwa kuangalia ufaulu wa kidato cha nne, maana yake waliokuwa wakibaki nyuma katika kila shule hawapo tena. Bweni linapokea watu ambao kila mmoja kwao alikuwa wa kwanza, wa pili au wa tatu, na kwa hesabu ya kawaida wengi wao lazima wawe wa ishirini, wa arobaini, wa hamsini. Hakuna aliyepungua akili kwenye basi la kuja Tanga. Juu ya hayo kipimo chenyewe kimepandishwa: kidato cha nne A inaanzia 75, kidato cha sita inaanzia 80. Mtoto aliyezoea kuona 76 yake ikiitwa A sasa anaiona ikiitwa B, kwenye somo lililopanuka na kuzama kuliko lile aliloliacha.

Je, kushuka huko kunaumiza kitu zaidi ya moyo? Hapa inabidi kwenda polepole. Tangu miaka ya 1980 mtafiti wa saikolojia ya elimu Herbert Marsh na wenzake wameonyesha mara nyingi kwamba wanafunzi wenye uwezo sawa hujiona dhaifu zaidi wakiwa katika shule iliyojaa wenye uwezo mkubwa. Mwaka 2020 wachumi Richard Murphy na Felix Weinhardt walichapisha matokeo yao kutoka Uingereza: mtoto aliyekuwa na nafasi ya juu shule ya msingi alifanya vizuri zaidi sekondari kuliko mwenzake mwenye alama zilezile aliyekuwa na nafasi ya chini, na sehemu ya sababu ilikuwa kujiamini. Lakini hao ni watoto wa shule za msingi za Uingereza, na athari iliyopatikana ni ya wastani, si ya kuamua maisha ya mtu. Kuichukua ilivyo na kuibandika kwa kijana wa miaka kumi na minane wa bweni la Tanga itakuwa haraka mno. Ninachoweza kusema ni kwamba tahadhari ina msingi: namba inayoyumba kwa mistari miwili ya kalamu inaweza kumfanya mtu aamini kuwa Biolojia si yake.

Nafasi haikosi kazi, nayo isionewe. Kuna mitihani mwalimu anaitunga kwa hasira, wa kwanza anapata 52. Hapo alama peke yake ndiyo inayodanganya, na mwenye 48 aliye wa tatu ana haki ya kutembea kifua mbele. Nafasi pia hurudi kwa nguvu wakati wa kuomba udaktari, kwa sababu viti ni vichache na waombaji ni wengi, kwa hiyo chuo hakina budi kuwapanga. Ila kwenye cheti cha kidato cha sita chenyewe haimo. Kuna gredi za masomo na daraja: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na masomo matatu ya tahasusi yanajumlishwa, pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. Baraza la Mitihani nalo, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, likieleza kuwa halioni tija yake. Wengine walilalamika kwamba utamu wa matokeo umeisha.

Anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa maoni yangu, ni yule aliye juu ya ukuta wa gati. Tumrudie namba moja wetu. Mtihani wa kwanza 86, wa pili 82, wa tatu 79, na anayemfuata darasani safari hii ameishia 77. Ripoti zake tatu zinasema 1 kati ya 60, 1 kati ya 60, 1 kati ya 60, hakuna simu ya kugombezwa, hakuna mwalimu aliyemwita ofisini kumuuliza kulikoni. Na 79, kidato cha sita, ni B.