Tamu, ila haifiki

"Mwanangu, tamu ni tamu, ila haifiki."

Aliyesema hayo ni mama mmoja wa Tukuyu aliyekuja kliniki yetu ya kisukari hapa Mbeya Julai mwaka jana, asubuhi yenye baridi ya kufanya vidole vigome kushika kalamu. Ilikuwa wiki ya sita tangu aache sukari kwenye chai na kuanza kutumia vidonge vidogo vya kutia utamu. Mimi ni mtu wa lishe. Wagonjwa wengi huniita daktari na nimeshachoka kuwasahihisha. Yeye huniita mwanangu. Nikamuuliza, "Haifiki wapi, mama?" Nilitegemea aguse koo. Akaweka kiganja tumboni.

Jambo hilo chuoni tulifundishwa nusunusu, kwa sababu miaka ile sehemu kubwa ya majibu ilikuwa haijapatikana. Yeye alilimaliza kwa neno moja. Leo nataka kulieleza hilo "haifiki" lake, maana swali lake naulizwa karibu kila wiki kwa maneno tofauti.

Tuanze mdomoni, ambako mambo ni mepesi. Seli za ulimi zinazotambua utamu zina kipokezi kilichoundwa kwa protini mbili zilizoshikamana, T1R2 na T1R3. Wanasayansi walikitambua mwaka 2001. Ni mlango mmoja tu, na vyote vinabisha hapohapo: asali, muwa, ndizi mbivu ya Rungwe, pipi, na vitia utamu kama sakarini, aspatami na stevia. (Paka hana mlango huo. Jeni yake ya T1R2 iliharibika zamani sana, ndiyo maana atakusumbua kwa ajili ya dagaa lakini ukimwekea keki ataipita.) Sukari yenyewe hukishika kipokezi hicho kilegelege, kwa hiyo inatakiwa nyingi ili ulimi uisikie. Vitamu vya bandia hushika kwa nguvu. Aspatami ina utamu mara 200 hivi ya sukari, sukralosi takribani mara 600, na hapo ndipo unaelewa kwa nini kidonge kidogo kinaweza kushika nafasi ya kijiko.

Sakarini na stevia zina tabia nyingine: mbali na mlango wa utamu, zinagusa pia vipokezi vya uchungu, na vipokezi hivyo tunavirithi kwa namna tofauti. Basi nyumba moja, birika moja, baba anatema chai akisema imewekwa dawa, mama anashangaa hasikii chochote. Hakuna anayejidai hapo.

Kinachonifurahisha ni kwamba vitu hivi viligunduliwa kwa ajali. Mwaka 1879, Constantin Fahlberg alitoka maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani bila kunawa vizuri, akala mkate, akaona mtamu kupita kiasi. Hiyo ndiyo sakarini. Mwaka 1976 mjini London, Shashikant Phadnis aliambiwa aijaribu kemikali fulani, yeye akasikia aionje, kwani kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana. Akaionja. Ndiyo sukralosi. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo maabara nitamfukuza.

Sasa tumboni, alikogusa mama.

Mwaka 2008, Ivan de Araujo na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke walichukua panya waliozaliwa na hitilafu ya jeni inayowafanya wasisikie utamu kabisa. Kwa panya hao, maji matupu na maji ya sukari ni kitu kimoja mdomoni. Wakawapa yote mawili. Baada ya muda panya wakaanza kuifuata chupa ya sukari, na ubongo wao ukamwaga dopamini, kemikali ya ubongo nitakayoieleza mbele, kama vile wa panya wa kawaida. Wakapewa sukralosi kwenye maji, hawakuijali. Maana yake kuna kitu ndani ya mwili kinachoitambua sukari bila ruhusa ya ulimi.

Kitu hicho kiliwekwa wazi zaidi mwaka 2020 na kundi la Charles Zuker katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walitumia panya wazima wenye ulimi mzuri, wakawawekea chupa mbili zenye utamu uleule, moja ya sukari na nyingine ya kitamu cha bandia. Mwanzoni panya walikunywa zote bila ubaguzi. Kufikia siku ya pili walikuwa wameihama ile ya bandia karibu kabisa. Watafiti wakafuatilia njia: kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna seli zinazoihisi glukosi inapopita kwenye mlango wake wa kuingilia, protini iitwayo SGLT1. Seli hizo hupeleka habari kwa neva ya vagasi, ile neva ndefu inayounganisha tumbo na shina la ubongo. Walipoizima njia hiyo, panya wakaacha kubagua. Sukari ikawa sawa na bandia.

Miaka miwili baadaye kundi la Diego Bohórquez, tena pale Duke, likaonyesha kwamba seli hizo za utumbo hutuma ujumbe wa aina mbili kwa kemikali mbili tofauti: moja ikija sukari, nyingine kikija kitamu cha bandia. Utumbo kumbe hauko kimya ukiletewa kidonge. Unapeleka taarifa, tena kwa haraka sana: umeletwa utamu, mzigo haumo.

Hawa ni panya, na mimi si mtu wa kuchukua panya nikamvika kitenge nikasema ni mama wa Tukuyu. Lakini neva ya vagasi tunayo, SGLT1 tunayo, na malalamiko yake yanalingana na wanachofanya wale panya siku ya pili. Ulimi unasoma bahasha, utumbo unafungua barua.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini watu wa nyanda hizi tunaupenda ugali ambao hauna utamu wowote. Hauna mdomoni, yaani. Tafuna tonge polepole bila mboga, hesabu hadi thelathini, utasikia utamu unaanza kuchomoza, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Ukishuka chini kazi hiyo inafanyika kwa wingi, na utumbo unaikuta glukosi na kupeleka habari njema juu. Ugali na kidonge ni kinyume cha mwenzake: mmoja haujionyeshi mlangoni lakini mzigo umejaa, mwingine umejipamba mlangoni, mkononi hana kitu.

Hapa dopamini inahitaji maelezo kidogo, maana imechafuliwa jina. Watu huiita kemikali ya raha. Kazi za Wolfram Schultz tangu miaka ya 1990 zilionyesha kwamba inafanana zaidi na mwalimu anayesahihisha madaftari. Ukipata zaidi ya ulichotegemea, inapanda. Ukipata kilekile ulichotegemea, inatulia. Ukikosa, inashuka chini ya kawaida. Ubongo uliokunywa chai ya vijiko vitatu kwa miaka arobaini umejifunza kwamba utamu huu huleta nguvu kiasi hiki. Siku unapouletea utamu mtupu, daftari linapata alama ya kosa. Hilo ndilo nadhani linatokea wiki za mwanzo, mtu anapoanza kuzungukazunguka jikoni akitafuta kitu asichokijua jina. Na tafadhali, ule ujumbe wa kwenye simu unaosema sukari ni sawa na kokeini, usinitumie tena. Panya waliofanana na walevi wa sukari walikuwa wamenyimwa chakula kwa saa nyingi kila siku kabla ya kupewa.

Kwa binadamu, utafiti ninaoutaja mara nyingi ni wa mwaka 2025 kutoka Chuo Kikuu cha Southern California, chini ya Kathleen Page. Watu 75 walikunywa siku tofauti maji, maji ya sukari, na maji ya sukralosi, huku ubongo wao ukipigwa picha. Sukralosi iliongeza shughuli kwenye haipothalamasi, sehemu inayosimamia njaa, na waliokunywa walisema wana njaa zaidi kuliko walipokunywa sukari. Sukari ilipandisha homoni za shibe, sukralosi haikufanya hivyo.

Kuna mwingine wa mwaka 2020, wa kundi la Dana Small huko Yale, ambao ni mdogo na nisingependa uubebe kama msahafu, lakini unanikaa kichwani kila nikipita vibanda vya chai pale Mwanjelwa. Watu walipewa vinywaji saba katika muda wa wiki mbili hivi. Waliokunywa sukralosi peke yake hawakupata shida. Waliokunywa sukari peke yake pia hawakupata. Waliokunywa sukralosi iliyochanganywa na wanga usio na ladha, insulini yao ilianza kufanya kazi vibaya na ubongo wao ukapunguza kuitikia utamu. Mimi nikisoma hapo naona chai ya vidonge na maandazi matatu. Bila shaka unaiona na wewe.

Kuhusu saratani nitapita haraka. Julai 2023 aspatami iliwekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa ushahidi mchache, na siku hiyohiyo kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ikaacha kipimo kilekile cha zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo tisa au zaidi ya soda isiyo na sukari kwa siku, kila siku, ili akipite. Kilicho muhimu kwangu ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Mei mwaka huo, unaoshauri vitamu hivi visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Mwongozo huo haukuwahusu walio tayari na kisukari, na wengi wanaonukuu husahau sentensi hiyo.

Kwa hiyo mama nilimwambia nini? Sikumnyang'anya vidonge. Kwake kijiko cha sukari ni hatari ya karibu kuliko kero ya "haifiki". Kwanza niliuliza anavipika vipi, nikakuta anavichemsha pamoja na majani. Vilikuwa vya aspatami, nayo moto huivunja utamu ukapotea, ndipo anaongeza cha pili na cha tatu. Nikamwambia aweke kikombeni, mwisho kabisa. Kisha apunguze: kutoka vitatu hadi kimoja kwa miezi miwili au mitatu, maana ulimi hujirekebisha, ila hautaki haraka. Na nikamrudisha kwenye maziwa. Kwao wanafuga, na maziwa yana sukari yake, laktosi, ambayo tumboni hukatwa kuwa glukosi na galaktosi, zote mbili zikiingia kwa mlango uleule wa SGLT1. Bilauri ya mililita 200 ina gramu kumi hivi, nazo tulizihesabu. Hiyo, nilimwambia, itafika.

Alirudi Oktoba. Alikuwa amebakiza kidonge kimoja, na siku nyingine anakisahau. Akafungua kikapu akatoa dumu la lita tatu, zawadi yangu ya shukrani: togwa. Nzito, ya kimea cha ulezi, alikuwa ameshakunywa bilauri mbili njiani kwa sababu gari lilichelewa Kiwira.

Nikatazama kimashine cha kupimia sukari, kilikuwa kinasoma 14.6, juu mno. Nikamtazama yeye.

"Hiyo usiihofu, mwanangu," akasema. "Sijaweka sukari hata chembe."

Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza kimea kinaufanyia nini wanga.