Umri Mrefu Si Ushahidi wa Uchawi

Tarehe 15 Juni ni siku ya dunia ya kupinga dhuluma dhidi ya wazee. Sisi maafisa wa maendeleo ya jamii hapa Mombasa tungependa hili lisikike kabla ya siku hiyo kufika, maana malalamiko yanayotufikia mara nyingi hayahusu pesa. Ni ya wazee waliokimbia vijiji vya Kilifi na Kwale wakaja kujisitiri kwa jamaa Kisauni, Likoni au Jomvu, kosa lao likiwa kuishi. "Amezika watoto, amezika wajukuu, yeye yupo tu. Anakula miaka yao." Maneno haya husemwa na watu waliosoma, simu mkononi.

Wengi wanaowatuhumu wazee wanadhani sheria iko upande wao. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925, na kifungu chake cha 6 kinamgeukia mshutumu: ukimtuhumu mtu kuwa mchawi, au ukamtisha kwamba utamtuhumu, umetenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miaka 5. Faini inachekesha, najua, kifungo hakichekeshi. Ni kweli kwamba anayepeleka tuhuma kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine haguswi na kifungu hicho. Lakini tafadhali msije mkaulizia fomu ya kumshtaki nyanya. Fomu hiyo haijawahi kuwepo.

Macho mekundu basi, yanayodaiwa kuwa alama ya uchawi? Mtu aliyepuliza moto wa kuni kwa miaka hamsini atakuwa na macho ya namna gani? Kutoka nje usiku wa manane, kuongea peke yake, kubisha mlango wa jirani akidhani ni kwake: hizo zinaweza kuwa dalili za maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Mzee wa hivyo apelekwe kliniki. Kwa mganga atarudi na jina baya na bili.

Tukiichunguza tuhuma, mara nyingi tunakuta shamba chini yake. Hapa niseme pole pole. Mali ya mtu aliye hai hairithiwi, hata awe na miaka mia. Na kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinamnyima muuaji fungu lolote katika mali ya aliyemuua, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kwa Waislamu, ambao mirathi yao huenda kwa Kadhi, jibu ni lile lile: muuaji harithi. Kwa hiyo anayemmaliza babu ili apate minazi hupata kesi ya mauaji, na minazi haipati.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hao ni wachache ukilinganisha na wanaokuja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani, na watoto hao wataanza kutimiza miaka 60 muda si mrefu. Baadhi yao ndio hawa wanaonyoosha vidole leo.

Utaratibu ni huu. Mzee akitishwa, ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na udai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila namba hiyo hatuna pa kuanzia. Akiwa ameumizwa, omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, hapo hapo, ijazwe na daktari, irudishwe kituoni. Nakala ya namba ya OB iletwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo pamoja na kitambulisho cha mzee. Kama kitambulisho kiliachwa kijijini, njooni hivyo hivyo, tutaanza na jina.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa. Maadamu ana akili timamu, malalamiko ni yake mwenyewe. Mwanawe hawezi kuja kuyafuta kwa madai kwamba wameshayamaliza nyumbani.