Kuhifadhi beri chachu kwa asali: maana yake na hesabu ya maji

Kuhifadhi matunda kwa asali ni kuyazamisha au kuyapika ndani ya asali nyingi kiasi kwamba hamira, ukungu na bakteria wanaoozesha chakula hukosa maji ya kuishi. Watu wengi huifupisha maana hiyo kwa kusema kwamba asali haiozi, kwa hiyo kinachotiwa ndani yake nacho hakiozi. Nusu ya kwanza ya usemi huo ni kweli kwa asali iliyokomaa na kufunikwa vizuri. Nusu ya pili ina kasoro, na kasoro yenyewe ni maji yanayotoka kwenye tunda.

Desturi hii ina mizizi mirefu katika misitu ya Urusi ya kaskazini na nchi jirani, ambako majira ya baridi huchukua miezi mingi na ardhi yote hufunikwa na theluji. Mwishoni mwa Agosti na katika Septemba huiva huko beri nyekundu ndogo, yenye ukubwa wa punje ya njegere, ambayo Warusi huiita brusnika, Wafini puolukka na Waswidi lingon. Kwenye vinamasi huota nyingine, klyukva, ambayo ni chachu zaidi na humkunja uso hata aliyezoea embe mbichi. Kabla ya karne ya 19 sukari ya miwa ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka mbali na ya bei kubwa, ilhali asali ilipatikana msituni humo humo, katika mashimo ya miti yaliyochongwa kwa ajili ya nyuki. Kiwanda cha kwanza cha Urusi cha kutengeneza sukari kwa viazi-sukari kilianza mwaka 1802 katika jimbo la Tula, na sukari iliposhuka bei ndipo ilipochukua nafasi ya asali katika varenye, yaani matunda yaliyopikwa kwenye utamu mzito, ambayo jina lake latokana na kitenzi cha Kirusi chenye maana ya kupika kwa kuchemsha.

Nguvu ya asali iko katika kiu yake. Kanuni za kimataifa za chakula huruhusu asali ya kawaida kuwa na maji yasiyozidi asilimia 20, na hata hayo kidogo yameshikwa na sukari hivi kwamba bakteria hawezi kuyatumia. Bakteria akiangukia humo, maji ya mwilini mwake huvutwa nje, kama vile vitunguu vya kachumbari vinavyotoa maji dakika chache baada ya kunyunyiziwa chumvi. Zaidi ya kiu hiyo, asali ina asidi yake, na ina kimeng'enya ambacho asali ikizimuliwa kwa maji hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ile ile ya kusafishia vidonda. Kimeng'enya hicho huharibiwa na moto, kwa hiyo asali iliyochemshwa hubaki na utamu bila msaada huo.

Sasa tufike kwenye hesabu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha dhana nzima. Beri mbichi ni maji kwa takriban asilimia 85. Chukua kilo moja ya beri na kilo moja ya asali yenye maji asilimia 18: beri zinaleta gramu 850 za maji, asali inaleta gramu 180, jumla gramu 1,030 katika kilo mbili. Maana yake zaidi ya nusu ya mtungi ni maji. Jemu inayokaa kabatini bila kuharibika huwa na maji yapatayo asilimia 35 tu, na ili kufikia kiwango hicho bila kupika ungehitaji kilo tatu za asali kwa kilo moja ya beri, kiasi ambacho familia chache zingekubali kukitoa. Njia ya pili ni kuweka sufuria motoni mpaka karibu nusu lita ya maji iondoke kwa mvuke, na ndivyo varenye ilivyofanyika. Njia ya tatu ni kuacha mchanganyiko ukiwa mbichi na mwepesi, kisha kuuweka kwenye shimo la chini ya ardhi lenye baridi kali, ambako kazi kubwa ya kuzuia uozo hufanywa na baridi.

Ukichanganya bila kupika, badiliko hilo huonekana kwa macho. Jioni asali imekaa juu ya beri kama gundi, nzito na yenye rangi ya dhahabu. Asubuhi imekuwa mchuzi mwekundu mwepesi kama chai ya rangi, na beri zimesinyaa na kuelea juu. Zile zinazochungulia nje ya mchuzi ndizo huota ukungu kwanza, na hiyo ndiyo sababu ya kuzigandamiza kwa kisahani chenye uzito. Kwa sababu hiyo hiyo beri zilizooshwa hutandazwa kwenye kitambaa zikauke kabisa kabla ya kuguswa na asali, kwani tone la maji ya kuoshea huhesabiwa pamoja na maji ya tunda.

Pamoja na hayo, brusnika ina siri yake. Ndani yake mna asidi benzoiki ya asili, jamaa wa sodiamu benzoati, kizuia-uozo kinachoandikwa kwenye lebo za soda nyingi madukani, na asidi hiyo hufanya kazi vizuri zaidi penye uchachu, ambao beri hii inao tele. Waswidi huzitia beri hizo kwenye maji matupu, huziita vattlingon, nazo hukaa miezi kadhaa mahali penye baridi. Kwa hiyo anayesifu asali kwa kuitunza brusnika anaipa sifa ambayo nusu yake ni ya beri yenyewe. Tunda tamu lisilo na kinga hiyo, likichanganywa kwa kipimo kile kile, litaanza kutoa mapovu na harufu ya pombe, kwa kuwa hamira zinazopenda sukari huishi ndani ya asali zikingoja iwe nyepesi. Ladha yake huenda isichukize, lakini hiyo tayari ni safari ya kuelekea kwenye kileo, na mtungi uliofungwa kwa nguvu unaweza kupasuka.

Tahadhari moja haitegemei kipimo: mtoto aliye chini ya miezi 12 hapewi asali wala kilichohifadhiwa ndani yake, kwa kuwa mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, huweza kuwamo, na tumbo lake bado haliwezi kuzizuia.

Kwetu Afrika Mashariki, Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya wanajulikana kwa kuhifadhi nyama katika asali, na nyama hiyo hukaushwa kwanza, yaani maji hupunguzwa kabla asali haijaguswa. Kwa hesabu hiyo hiyo, anayetaka kujaribu na tunda chachu la hapa ataanza vizuri zaidi na ukwaju, ambao hukaukia ndani ya ganda lake ungali mtini na huingia kwenye asali na maji machache mno kuliko beri yoyote ya kaskazini.