VM inajivuta? Usiguse RAM kwanza: dhana potofu na ukweli

Kompyuta ya mezani ina RAM ya GB 8. Juu yake kuna VirtualBox, programu ya kuendesha VM (mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), ndani ya VirtualBox kuna Windows 10 au Kali Linux, na VM hiyo imepewa GB 6 pamoja na kori zote nne za prosesa. Kisha mwenye mashine anauliza: "Niliambiwa niongeze RAM, nimeongeza, mbona sasa ndiyo imeganda kabisa?" Imeganda kwa sababu umeongeza. Ushauri huu unapita mdomo kwa mdomo, hakuna anayeuhoji, na ndio unaolemaza mashine nyingi ambazo zingefanya kazi vizuri tu.

Dhana: VM ikiwa nzito, iongezee RAM na kori

RAM unayoipa VM inakatwa kutoka kwa Windows iliyo chini, ile ile inayoibeba VM. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kusogeza kitelezi cha RAM kwenye mipangilio ya VM. Windows 10 au 11 ikiwa imetulia, hakuna kilichofunguliwa, hushika GB 2.5 hadi 4. Kivinjari chenye vichupo vingi, ongeza GB 1 hadi 2. Kwenye GB 8, kinachobaki kwa ajili ya VM ni kama GB 3, hata ujipe moyo vipi. Ukiipa GB 6, Windows inasukumwa kwenye kona ya GB 2 na inaanza kuhamishia programu zake kwenye pagefile, yaani kwenye diski. Mara nyingi diski hiyo ndiyo iliyobeba pia faili la VDI, yaani diski ya VM yenyewe. Hapo VM inataka kusoma VDI, Windows inataka kusoma pagefile, na HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya mizunguko 7200 kwa dakika huhudumia maombi yaliyotawanyika yasiyozidi sana 100 kwa sekunde. Matokeo yake unaingia ndani ya VM, unakuta RAM tele iko wazi, na kipanya bado kinakwama.

Ndiyo maana anayepima ndani ya VM peke yake hupotea njia. Anza nje. Washa VM, fanya kazi ile inayoikwamisha, na wakati imekwama fungua Task Manager ya kompyuta mwenyeji, ile halisi inayoibeba VM, uende Performance. Kwenye Memory soma Available: ikiwa chini ya GB 1, umeinyima Windows. Kwenye Disk, ukiona 100% huku kasi ya kusoma na kuandika ni MB 2 au 3 tu kwa sekunde, na Average response time imepita ms 100, diski imezidiwa na maombi madogo madogo. Ukitaka uhakika zaidi, fungua Resource Monitor, sehemu ya Memory, utazame Hard Faults/sec. Zikiwa mamia mfululizo na Available iko chini, pagefile ndiyo inayofanya kazi ya RAM.

Baada ya hapo ndipo uingie ndani. Kwenye Linux andika `free -h`, usome safu ya available, si ile ya free. Kisha `vmstat 1`, utazame safu za `si` na `so`, zinazoonyesha data inayorudi kutoka diski na inayohamishiwa huko kwa kukosa RAM. Available ikiwa GB 1 au zaidi, na `si` na `so` zikabaki sifuri, VM hiyo haina njaa ya RAM, na kuiongezea ni kumnyang'anya mwenyeji bure. Zikiwa zinapanda muda wote, hapo umeruhusiwa kuongeza: MB 512 kwa hatua, huku ukiangalia Available ya nje isishuke chini ya GB 1.5.

Kwa mashine ya GB 8, mimi naanzia hapa: Linux yenye XFCE (eneo-kazi jepesi), GB 2; Windows 10, GB 3. Windows 11 inadai GB 4 kama kiwango cha chini kabisa, pamoja na kori mbili na diski ya GB 64, kwa hiyo kwenye GB 8 achana nayo. Mwenye GB 16 anaweza kutoa GB 6 bila wasiwasi. Na tusichanganye mambo: kuchomeka RAM halisi kwenye ubao ni ushauri mzuri sana. Dell OptiPlex 7010 ya umbo la mnara, mashine ya mtumba ambayo huwezi kuikosa Kariakoo wala Luthuli, ina nafasi nne za DDR3. Jaza hizo. Kusogeza kitelezi ni kugawana umaskini ule ule.

Kori nazo zina hesabu yake. Prosesa ya i5-4590 ina kori nne na haina Hyper-Threading. Ukiipa VM zote nne, umeiambia Windows na VM zigombanie kitu kimoja. Kuna kibaya zaidi. Mfumo ulio ndani ya VM unaamini kori zake zote ziko kazini kila wakati, kumbe kwa Windows hizo ni nyuzi za programu kama nyingine, na inaweza kuusimamisha wowote kati yake ili kuhudumia kivinjari au antivairasi. Ikisimamishwa kori iliyoshika kufuli la kerneli, kiini cha mfumo wa VM, zile tatu zinabaki kuzunguka pale pale zikisubiri: mmoja kaondoka na ufunguo wa stoo, wenzake wamesimama mlangoni, na saa za kazi zinahesabiwa. Utaona CPU ya VM iko 100% na hakuna kilichofanyika.

Kwa kori nne, ipe VM mbili. Kwa i7-4770, Task Manager itakuonyesha Cores 4 na Logical processors 8. Hesabu zile nne, usihesabu nane, na bado ipe mbili, labda tatu. Kazi nyingi za kawaida ndani ya VM, kama vile mfumo wa zamani wa mahesabu, kivinjari au mazoezi ya mitandao, hata hazijui kutumia zaidi ya mbili.

Dhana: VT-x nimewasha kwenye BIOS, kwa hiyo upande huo uko sawa

VT-x ni uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha VM; kwa AMD huitwa AMD-V. Kuiwasha ni jambo moja. Kujua ni nani ameishika ni jingine. Windows ikishawasha Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa kuendesha VM, kwa sababu yoyote ile, Hyper-V ndiyo inayokamata VT-x, na VirtualBox inalazimika kupitia kwake. Tangu toleo la 6.0 VirtualBox inaweza kufanya kazi namna hiyo, lakini kwa kuburuza miguu. Wengi husema, "Mimi sijawahi kuweka Hyper-V." Hukuiweka wewe. Imeletwa na WSL2 (Linux ndani ya Windows), na Docker Desktop (programu ya kuendesha kontena), na Windows Sandbox, au na kinga ya Windows iitwayo Memory integrity, ambayo Windows 11 iliyosakinishwa upya huja nayo ikiwa tayari imewashwa kwenye mashine nyingi.

Kuitambua hakuhitaji utaalamu. VM ikiwa inaendeshwa, tazama chini kulia kwenye dirisha lake. Ukiona kobe wa kijani, umenaswa. Ukitaka maandishi, bofya kulia jina la VM, chagua Show Log, utafute maneno "Snail execution mode". Watengenezaji wenyewe wamechora kobe na kuandika konokono, halafu mtu anakwenda kununua prosesa mpya!

Kuitoa: fungua Turn Windows features on or off, uondoe alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform, Windows Hypervisor Platform na Windows Sandbox. Nenda Windows Security, Device security, Core isolation details, uzime Memory integrity. Kisha fungua Command Prompt kama Administrator, uandike:

`bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`

Zima mashine kabisa kwa `shutdown /s /t 0`, kisha uwashe. Fungua msinfo32: mstari wa "A hypervisor has been detected" haupaswi kuwepo tena, na Virtualization-based security isomeke Not enabled. Ikiwa bado inasomeka Running kwenye kompyuta ya ofisi, kuna uwezekano Credential Guard, kinga ya Windows ya taarifa za kuingilia, imewashwa kwa sera ya ofisi. Usianze kuparamia rejista. Mwone msimamizi wenu wa mfumo.

Gharama yake uijue kabla hujabonyeza Enter. WSL2 na Docker zinazoitegemea zitakoma kufanya kazi mpaka urudishe amri ile kwa neno `auto` badala ya `off` na zile alama zirudi mahali pake. Memory integrity nayo ni kinga ya kweli dhidi ya draiva hasidi, si pambo. Kwenye kompyuta inayofanya malipo ya benki mimi nisingeizima. Na kama unatumia Docker kila siku na una Windows Pro, acha kupigana na Hyper-V, hamishia VM yako huko huko.

Wapo pia wanaodai VM yao inajivuta kwa sababu VT-x imezimwa. Kuanzia VirtualBox 6.1 njia ya kuendesha VM bila VT-x wala AMD-V iliondolewa. Ikiwa imezimwa kweli, na Hyper-V haipo, VM haiwaki kabisa. Unapata ujumbe wa kosa, hupati polepole.

Dhana: diski yangu bado ina nafasi ya GB 300, haiwezi kuwa tatizo

Nafasi si kasi. Ukinunua kitu kimoja tu kwa ajili ya VM, nunua SSD ya SATA ya GB 240 au 480 kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya RAM. Hamisha VM kwa kubofya kulia na kuchagua Move. Usikokote folda kwa mkono, VirtualBox itapoteza njia ya VDI.

Kuna wanaowasha Use Host I/O Cache kwenye kidhibiti cha SATA cha VM iliyo juu ya HDD. Inasaidia, sikatai. Lakini data inakaa kwenye RAM ya mwenyeji kabla ya kuandikwa, na umeme ukikatika bila UPS, mfumo wa mafaili wa VM unaweza kuharibika. Anayeishi kwenye mgao wa umeme asiiwashe.

Dhana: diski inayokua yenyewe ndiyo inayopunguza kasi

Kidogo, na kwa muda. VDI ya aina hiyo huongezwa vipande vya MB 1 inapoandikwa sehemu mpya kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo tofauti na diski ya ukubwa maalumu ni ndogo mno. Usipoteze mchana mzima kuibadilisha.

Dhana: snapshoti ni nakala rudufu, nyingi ndiyo salama

Si nakala rudufu. Kila snapshoti (hali ya VM iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia) ni faili la tofauti linaloegemea lile la kabla yake. La chini likiharibika, yote yamekwenda. Mnyororo mrefu unaongeza pia kazi ya kutafuta kila kipande kilipo. Bakiza moja au mbili. Kumbuka kuifuta maana yake ni kuunganisha mafaili, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kwenye diski, na usiikatize katikati.

Dhana: Guest Additions ni za kukopi na kubandika tu

Guest Additions ni programu za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya VM, na humo ndimo ilimo draiva ya skrini. Bila draiva inayofaa, kila dirisha unalolisogeza linachorwa na prosesa. Kwenye Linux andika `glxinfo | grep renderer`: ikijibu llvmpipe, ndiyo hali hiyo, na GNOME, eneo-kazi zito la Linux, itakutesa. Chagua VMSVGA kwa Linux na VBoxSVGA kwa Windows, video memory MB 128, uwashe 3D Acceleration. 3D ikileta michirizi, izime na uhamie XFCE, mambo yaishe.

Hapo hapo imezaliwa dhana ya kununua kadi ya michoro. VM haioni kadi yako. Inaona kadi ya kubuni inayotolewa na VirtualBox. Fedha hiyo ni SSD na RAM.

Dhana: antivairasi ya mwenyeji haihusiani na VM

Inahusiana sana ikiwa inachungulia VDI ya GB 40 kila inapoguswa. Iambie iruke folda ya VM hizo, folda hiyo tu, si diski nzima. Na ndani humo usiweke kitu kingine.

Dhana: mashine mpya haiwezi kuwa na shida hii

Prosesa nyingi za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea zina kori za aina mbili, zenye nguvu na dhaifu. Ukiliweka dirisha la VM nyuma, Windows 11 inaweza kuihamishia kwenye kori zile dhaifu, na kazi ya dakika tano ikawa ya robo saa. Kwenye Task Manager, Performance, CPU, bofya kulia mchoro, uchague Logical processors: ikiwa miraba ya mwishoni tu ndiyo imejaa na ya mwanzo imelala, ndiyo hiyo. Weka mpango wa umeme wa High performance. Kwa VMware Workstation, programu nyingine ya kuendesha VM, ongeza amri hii kama Administrator:

`powercfg /powerthrottling disable /path "C:\Program Files (x86)\VMware\VMware Workstation\x64\vmware-vmx.exe"`

Na ukiwa huko huko kwa VMware, zima VM, fungua faili lake la .vmx kwa Notepad, uongeze mstari `mainMem.useNamedFile = "FALSE"`. Bila huo, kwenye Windows RAM ya VM huwa na faili lake la .vmem kando ya diski ya VM, na HDD inapewa mzigo ambao haukuhitajika.