Aliyekosekana mkutanoni

Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Miaka 19 sasa niko Iringa, zaidi wilayani Kilolo, kwenye vijiji vya jirani na Ilula. Watu wakiniuliza kazi yangu, hutegemea nitaje unga na mablanketi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa na watu, tena na tena, kabla ya kuuliza lolote.

Ilinichukua miezi mitano mama mmoja kunikaribisha ndani kwake. Tulikuwa tunaonana shambani kwa watu, yeye akichambua nyanya za kibarua na kuzipanga kwenye tenga, ngumu chini, zilizoiva juu. “Kamwene,” namsalimia kwa Kihehe. “Kamwene, dada,” anajibu, bila kuinua macho.

Kijiji kilipoitisha mkutano wa kutaja kaya maskini, hakwenda. Utaratibu wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, huanzia hapo: wananchi wenyewe hutaja kaya zenye hali ngumu, ndipo madodoso hujazwa. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu majirani wanajuana. Lakini fukara kuliko wote mara nyingi ndiye asiyekuwepo. Siku ya mkutano ni siku ya kibarua, na asipokwenda shambani jioni hakuna ugali. Tena kuna aibu. Siku aliponikaribisha alinionyesha vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa mnyanya ambao sabuni haiutoi. “Dada, mkono huu ningeunyoosha mbele za watu?”

Wapo wanaosema umaskini ni uvivu, au ni ulanzi, pombe ya mianzi. Nimeingia kwenye nyumba za wanywa ulanzi wenye mashamba na ng’ombe, na kwenye nyumba zisizouonja ambazo hazina hata sufuria ya pili. Maneno hayo huniuma.

Padri Joseph Wresinski, aliyezaliwa katika familia fukara huko Angers, Ufaransa, mwaka 1917, alilijua hili tangu utotoni. Mwaka 1956 alikwenda kuishi kwenye kambi ya familia zisizo na makazi huko Noisy-le-Grand, karibu na Paris. Hakutaka watu waendelee kupangiwa foleni ya supu. Pamoja nao alianzisha maktaba na shule ya chekechea. Tarehe 17 Oktoba 1987 watu wapatao 100,000 walikusanyika Paris, likazinduliwa jiwe la kumbukumbu ya waathirika wa ufukara, na tangu 1992 Umoja wa Mataifa unaitambua siku hiyo kuwa siku ya kutokomeza umaskini.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawasemea watu. Nikifika ofisini naeleza kila kitu, mwenye shida amekaa pembeni kama mzigo nilioubeba. Ilikuwa makosa. Safari hii nilikwenda pamoja na mama huyu kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Karani aliniangalia mimi: “Huyu ana shida gani?” Nikamwambia, “Yuko hapa, muulize.” Kimya kilikuwa kirefu, nikakivumilia. Kisha akaanza kusema, taratibu, mikono ndani ya kanga.

Orodha ya kaya ilikuwa imeshafungwa, na mwaka ule hakupata kitu. Ila mkutano uliofuata alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti alipouliza kama kuna lingine, alisimama.

“Yule bibi wa kule bondeni hajaja,” alisema. “Na hamjamtaja.”