Simu yako inatosha, tatizo ni mwanga

Wenzangu niliopita nao Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, sasa wametawanyika wilayani, na swali lao kubwa ni moja: tununue simu gani ya kupigia wagonjwa picha za kukutumia uzitazame? Jamani, simu mliyonayo inatosha. Kinachotusumbua ni mwanga. Ngozi iliyopakwa mafuta humeta, na mmeto ule hufunika kila kilicho chini yake.

Fedha ikiwa ndogo, nunueni dermatoskopu ya kubandika kwenye simu. Ni lenzi inayokuza takriban mara 10, imezungukwa na vitaa, na ina vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana. Mwanga unaoakisiwa na uso wa ngozi unazuiwa. Unaopita ni ule uliozama ndani ukarudi.

Faida yake iko zaidi kwenye unyayo. Melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Weka lenzi juu ya doa, utaona matuta na mifereji ya ngozi, na juu ya matuta vitundu vya jasho vimejipanga kama shanga. Weusi ukiwa ndani ya mifereji, mara nyingi doa halina neno. Ukiwa umepanda juu ya matuta, mimi nataka kinyama kikatwe kipelekwe maabara. Picha ya kawaida itakuonyesha doa jeusi tu.

Kwenye upele, ule unaoletwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi, kifaa kinadai uzoefu. Tunafundishwa kutafuta pembetatu ndogo ya kahawia, isiyofika nusu milimita, ambayo ndiyo sehemu ya mbele ya mdudu. Sawa, kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu pembetatu hiyo humezwa na rangi, kwa hiyo mimi hufuata njia aliyochimba: kamstari kembamba kaliko pindapinda katikati ya vidole. Halafu nauliza nani mwingine nyumbani anajikuna usiku.

Wanaotuuzia programu za simu zinazojidai kutambua ugonjwa zenyewe, waulizeni zilifundishwa kwa ngozi za nani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima programu kadhaa za kompyuta za aina hiyo, zikaonekana kukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi.

Ukoma ndio usinitumie picha peke yake. Baka lililopauka linaweza kuwa mambo mengi. Mwambie mgonjwa afumbe macho, gusa baka kwa ncha ya pamba, kisha gusa ngozi isiyo na baka pembeni, uniandikie alihisi wapi.

Picha ziwe tatu: ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, ya karibu ikiwa na rula, na iliyopigwa kupitia dermatoskopu. WhatsApp huzibana zikapoteza ubora, hivyo zitume kama dokumenti. Uso usionekane, isipokuwa ugonjwa wenyewe uko usoni.